Kodi ya Asilimia Moja Isikunyime Usingizi, Angalia Kiwango

Mimi si mchumi. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee huku Texas, na kila mwisho wa mwezi natuma hela nyumbani Kenya kama wewe unavyotuma kwenu. Lakini habari nasikiliza na hesabu naijua, na naona kwenye haya mambo ya pesa tunapigia kelele kidogo na kunyamazia kikubwa.

Kodi ya Marekani

Mwaka 2025 simu zetu zilijaa habari za kodi mpya ya kutuma pesa. Mswada ulianza na asilimia 5, ukashuka hadi 3.5, na sheria iliyotiwa saini Julai 4 ikabaki na asilimia 1. Ilianza kutumika Januari 1, 2026. Watu wakaogopa, wengine wakaanza kutafuta msafiri wa kuwabebea bahasha.

Tuisome vizuri. Kodi hii inamkuta anayelipa kwa pesa taslimu, moni oda au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hukatwi. Uwe raia usiwe raia, kipimo ni kimoja. Kwa dola 300 taslimu unakatwa dola 3.

Je, ni haki? Mimi naona si haki, kwa sababu anayebanwa ni mwenzetu asiye na akaunti, ambaye tayari ndiye mnyonge kuliko sote. Lakini kumpa mtu bahasha ya dola 300 ili uokoe dola 3 ni kuruka majivu ukakanyaga moto. Kama unaweza kufungua akaunti, fungua. Dawa ni hiyo.

"Bure" ina bei yake

Sasa njoo kwenye kikubwa. Programu inakuandikia "ada 0" kwa herufi kubwa, roho inatulia. Tuseme siku hiyo dola sokoni ni shilingi 129 za Kenya, nao wanakupa 125. Kwa dola 300 umeacha shilingi 1,200, yaani zaidi ya dola 9. Hiyo ni mara tatu ya ile kodi tuliyoipigia kelele, na unaiacha kila mwezi bila kusema neno.

Benki ya Dunia imeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Gharama ya kutuma dola 200 imekuwa ikizunguka asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Yaani maskini ndiye anayelipa nauli kubwa.

Usiulize ada ni ngapi. Uliza hivi: nikitoa dola 300, zote zikiwa ndani, mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Uliza sehemu tatu, saa ile ile, halafu linganisha. Ni kazi ya dakika tano.

Ugomvi wa shilingi

Hili ndilo linalovunja familia. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Februari serikali ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu kubwa ya deni lililokuwa likiiva Juni, wasiwasi ukapungua, na kufikia Agosti dola ilikuwa kama 129.

Jamaa yangu yuko Muscat, anamtumia mama yake Malindi rial 60 kila mwezi. Atasema, mimi na dola wapi na wapi? Kumbe rial ya Oman imefungwa kwa dola, na tangu 1986 ni kama dola 2.6 kwa rial moja. Dirham ya Emirati na riyal ya Saudia nazo zimefungwa vivyo hivyo. Shilingi ikicheza na dola, imecheza na wewe pia uliye Ghuba.

Basi mama aliyekuwa anapokea karibu 25,000 akaanza kupata kama 20,000. Akapiga simu: "Mwanangu, umeoa huko?" Jamaa anaapa katuma rial zile zile, mama anaona pesa zimepungua. Wote wawili wanasema kweli, na wiki mbili hawakusemezana.

Maoni yangu: wahidini watu wa nyumbani kwa shilingi, siyo kwa dola wala rial. Kama ni 20,000, iwe 20,000 kila mwezi. Shilingi ikishuka, kile kinachozidi kiweke akiba. Ikipanda, hiyo akiba ndiyo inaziba pengo, na karo ya mtoto haiyumbi.

Na tuache kushangilia shilingi ikianguka. Mafuta ya gari na ya kula yananunuliwa nje kwa dola. Mama anapokea noti nyingi zaidi, lakini anaziacha dukani.

Teknolojia na sauti ya mama

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hela inafika kijijini kabla hujaweka simu mfukoni. Naisifu. Lakini wezi nao wana haraka hiyo hiyo. Zamani ilikuwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tukacheka. Leo akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mdogo wako akilia kwamba yuko hospitali.

Kubalianeni neno moja la siri la familia, jina la mbuzi wa zamani au la jirani aliyehama, na lisiandikwe popote kwenye simu. Ukipigiwa simu ya dharura, uliza neno. Halafu kata, piga namba unayoijua wewe. Mgonjwa wa kweli hatakuwa na shida ukirudisha simu. Mwizi ndiye atakayekuambia huna muda.

Mwezi huu, kabla hujatuma, fanya mambo mawili: linganisha kiasi kitakachopokelewa, na mpigie mama mkubaliane kiwango kwa shilingi. Kodi ya Washington hatuwezi kuifuta mimi na wewe. Haya mawili tunayaweza, tena leo jioni.