Zimwi la Ngorika

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil, hupokewa Kikopey na moshi wa nyama choma kabla hajayaona mabanda yenyewe. Na hapo, si mbali na ziwa Elmenteita, nilipokuwa nikimtazama mchomaji akiukata mguu wa mbuzi juu ya ubao, kiungo baada ya kiungo, ndipo kiliponijia, kwa fadhaa iliyonifanya nisite kula, kisa cha Nyanjiru.

Kisa hicho kimo katika Shetani Msalabani, riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, alikozuiliwa hadi Desemba 1978, ikachapishwa mwaka 1980. Msimulizi wa kisa ni mzee wa Bahati, papa hapa Nakuru, naye humhadithia Gatuiria, kijana msomi atafutaye ngano za kale apate kuzitungia muziki. Nyanjiru alikuwa mweusi, mzuri wa kupindukia, tena amewakataa vijana wote wa nchi yake. Walakini siku alipomwona kijana mgeni, ashiki ilimshika, akamfuata, na yule mgeni kumbe ni zimwi, likamng'oa viungo kimoja kimoja, likamla.

Aghalabu ngano za namna hii hufanywa onyo kwa wanawali, kana kwamba kosa lote ni la macho yaliyotamani. Mimi siiridhii tafsiri hiyo, kwa kuwa ndani ya riwaya ile ile yumo msichana mwingine, Wariinga, mwanafunzi wa Nakuru, ambaye hakumtamani mgeni yeyote. Alilolitamani ni hesabu na uhandisi. Aliyeingiwa na tamaa ya haramu ni mzee tajiri wa Ngorika, mwenye umri wa kumzaa, na aliyemsogeza binti karibu naye ni mlezi wake mwenyewe, kwa kutazamia hisani za kitajiri. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilimjua Wariinga kwa jina na kwa nyumba, likamtembeza kwa gari, likamzoeza mchezo wa mwindaji na mwindwa kwa bastola, na alipopata mimba likamkana, hata binti wa watu akaenda kukitafuta kifo relini.

Hapo ndipo penye kutisha, kwangu mimi, kuliko hata katika kile kisa kingine cha mzee wa Bahati, cha Nding'uri aliyeuza roho yake kwa pepo ili apate mali. Maana pepo hujulikana kwa upepo wao, ilhali tajiri huyu huamkiwa kwa heshima njiani.

Miaka ikapita, Wariinga akawa fundi wa mitambo, akarudi Nakuru akiwa mchumba wa Gatuiria, aonyeshwe kwa wakwe. Na baba mkwe aliyemngoja ni yule yule. Tamaa yake haikuzeeka pamoja naye: alipiga magoti, akamsihi amwache mwanawe, awe wake yeye tena. Wariinga alimjibu kwa bastola, akatoka, akaenda zake. Naye Gatuiria, aliyetafuta ngano za mazimwi, alibaki amesimama uani kwa babake, asijue aishughulikie maiti, amtulize mamake, au amfuate Wariinga.