Mwenye Betri ya Moyo na Kipimo cha MRI

Mgonjwa wa Ujiji aliyewekewa betri ya moyo (pacemaker) Dar es Salaam hurudi Kigoma na vitu viwili: kifaa kidogo kilicholazwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na kadi ya kutia mfukoni yenye maelezo ya kifaa hicho. Kifaa hakisahauliki. Kadi ndiyo inayopotelea sandukuni, kati ya risiti na karatasi za kliniki.

Siku kiharusi kikimpiga au mgongo ukimlaza kitandani, daktari akaandika kipimo cha MRI, kadi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Zamani haikuulizwa, kwa kuwa jibu lilikuwa moja tu: mwenye betri haingii. Sababu ilikuwepo. Mashine nyingi za MRI zina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza mshale wa dira katika meli za Ziwa Tanganyika. Tena sumaku hiyo haizimwi mgonjwa akitoka. Iko kazini usiku na mchana. Mawimbi ya redio ya mashine yanaweza kupasha joto ncha ya waya uliomo ndani ya moyo. Betri nayo inaweza kudhani kelele za mashine ni mapigo ya moyo, ikaacha kazi yake. Kwa wenye kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa mwilini, hofu ni kwamba kitapiga shoti pasipo haja.

Betri ya kwanza ya kupandikizwa mwilini iliwekwa Stockholm, Sweden, Oktoba 1958. Ilidumu saa chache tu, lakini aliyewekewa, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na kuishi hadi 2001. Karibu muongo mmoja baada ya kifo chake, Februari 2011, Marekani iliidhinisha betri ya kwanza iliyotengenezwa ili mwenye nayo aweze kupimwa MRI kwa masharti.

Je, wenye betri za zamani? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya vipimo 1,500 vya sehemu za mwili zisizo kifua, kwa watu ambao vifaa vyao havikuidhinishwa kwa MRI. Hakuna aliyefariki wakati wa kipimo, wala waya ulioharibika. Kifaa kimoja cha kushtua moyo kililazimika kubadilishwa mara moja. Hicho hakikuwa kimepangwa ipasavyo kabla ya mgonjwa kuingia.

Kupanga huko ndiko kunakotenganisha usalama na ajali. Mtaalamu huweka kichwa cha kompyuta maalumu juu ya kifua, akasoma hali ya betri na nyaya. Ambaye moyo wake hautegemei betri huwekewa mpango mmoja, anayeitegemea kwa kila pigo huwekewa mwingine, na kwa mwenye kifaa cha kushtua moyo, shoti huzimwa. Bangili, hereni na pini za mtandio hubaki nje. Mapigo na oksijeni hufuatiliwa muda wote, na mashine ya kushtua moyo huwa tayari nje ya chumba. Kipimo kikiisha, mipangilio ya awali hurudishwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda.

Kwa watu wa Kigoma, umbali ndio unaoongeza uzito wa kadi. Betri imewekwa labda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli. Kipimo kinaweza kufanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Anayepima hakuwepo siku ya upasuaji. Anahitaji kujua aina ya betri, tarehe iliyowekwa na aina ya nyaya, kwani betri mpya iliyounganishwa na nyaya za zamani zisizoidhinishwa haihesabiki kuwa imeidhinishwa kwa MRI. Waya uliokatwa na kuachwa kifuani huongeza tahadhari, na kwa kawaida wiki sita za mwanzo huachwa zipite.

CT scan, ambayo wengi huichanganya na MRI kwa sababu katika zote mbili mgonjwa huingizwa kwenye tundu, haitumii sumaku, na mwenye betri hupimwa bila matayarisho haya.

Mwenye betri ya moyo aipige picha kadi yake leo, pande zote mbili, aitume kwa mtoto au ndugu anayemwamini. Na hata asipoulizwa, amwambie mpimaji kabla ya kuuvuka mlango wa chumba cha MRI.