Tijara ya Ushauri Nasaha na Mtaji Wake wa Amana

Ukitazama orodha ya vyombo anavyovihitaji mshauri nasaha atakaye kufungua ofisi yake mwenyewe Nairobi au Mombasa, waweza kudhani kwamba hakuna kazi ya kitaaluma iliyo nyepesi kuianza kuliko yake: chumba chenye mlango unaofunga vema, viti viwili au vitatu, simu ya kupokelea miadi na malipo, na kabati yenye kufuli. Hahitaji ghala, wala mashine, wala shehena kutoka ng'ambo. Walakini wepesi huo ni wa nje tu. Maadamu kinachouzwa humo ni saa ya mtu mmoja kumsikiliza mwenzake kwa elimu na kwa siri, na maadamu saa iliyopita haiwekwi akiba wala siri iliyovuja hairudi kifuani, tijara hii ina hesabu zake yenyewe, na anayeiendesha kwa hesabu za duka hupoteza faida na wateja pamoja.

Soko lenyewe halikuzuka jana. Kwa miongo mingi Kenya ilijua mlango mmoja mkubwa wa maradhi ya akili, nao ni hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910 katika zama za ukoloni, na aliyepita mlango huo aghalabu alitoka na jina lililomfuata hadi kwao. Dhiki nyingine za nafsi, kama huzuni ya msiba, ugomvi wa ndoa na ulevi wa kijana, zilipelekwa kwa wazee, kwa shehe, kwa padri au kwa mganga. Kituo cha ushauri nasaha cha Amani kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1979, kazi ya kumsikiliza mtu mzima wa akili aliyelemewa na maisha ilikuwa bado ngeni. Mabalaa ndiyo yaliyoieneza. Bomu lililopiga ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu zaidi ya 200, liliwakalisha manusura na waokoaji wengi mbele ya mshauri kwa mara ya kwanza. Na Ukimwi, kwa vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vilivyoenea nchini tangu mwaka 2001, uliwazoesha wananchi kuketi faraghani na mtu wasiyemjua na kumweleza yaliyo moyoni. Mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa, na mwaka huohuo maradhi ya Covid-19 yaliwafunza washauri na wateja kuonana kwa simu na kwa video.

Anayeingia katika soko hili sharti aanze na haki ya kufanya kazi kabla ya kutundika kibao. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili wenye taaluma hii na kuwapa leseni, ili asiwepo mtu wa kujipachika cheo hicho kwa sababu tu ana sauti ya upole na subira ya kusikiliza. Juu ya hayo iko leseni ya biashara ya kaunti, uko wajibu wa kodi, na iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huzihesabu habari za siha ya mtu kuwa habari nyeti zenye kutaka ulinzi mkali. Wanaoanza huziona hati hizi kuwa mashaka na gharama. Mimi naziona kuwa sehemu ya mtaji, kwa sababu mteja aliyekuja na siri asiyopata kumwambia hata mkewe hana namna nyingine ya kumpima mshauri siku ya kwanza ila kwa cheti chake na mwenendo wake.

Chumba nacho chataka fikira. Wengi wenye busara hukodi kwa saa katika ofisi ya mwenzao au katika zahanati, siku mbili tatu kwa wiki, huku wakiendelea na ajira yao shuleni au hospitalini, hata idadi ya wateja iwe yatosha kubeba kodi ya mwezi. Jengo lenye daktari wa meno, mawakili na wahasibu lafaa kuliko nyumba iliyo peke yake yenye kibao kikubwa, kwa kuwa anayeingia humo hakuna ajuaye aendako. Kuta ziwe hazipitishi sauti, na kati ya mteja na mteja iachwe nafasi ya dakika kumi au kumi na tano, ili anayetoka na macho mekundu asikutane mlangoni na anayeingia. Katika mji kama Mombasa, ambako jirani na jamaa hujuana hadi nasaba, nafasi hiyo ndogo ina thamani kuliko zulia la gharama.

Sasa tuje katika mizani ya fedha, tukichukua tarakimu za mfano. Mshauri aliyeandika miadi 20 kwa wiki, kila kikao cha dakika 50 kwa shilingi 3,000, huenda akadhani kwamba wiki itamletea shilingi 60,000. Wateja wanne wasipotokea, hubaki vikao 16 na shilingi 48,000. Na akiwakubalia wanne kati ya hao walipe nusu kwa sababu ya ufukara wao, hushuka hadi 42,000. Kwa wiki nne ni shilingi 168,000, na humo atoe kodi ya chumba, ujira wa karani, malipo ya msimamizi wake wa kitaaluma, ada za leseni, mafunzo, bima na kodi ya serikali, asisahau akiba ya Desemba, mwezi ambao wengi husafiri kwenda makwao na shajara ikabaki nyeupe. Wala hawezi kuponya pengo hilo kwa kuongeza vikao bila kikomo, kwani kila kikao kina kumbukumbu za kuandika na maandalizi yake, na msikilizaji aliyechoka husikia maneno bila kusikia maana. Huu ndio mpaka wa asili wa tijara hii: mazao yake hayazidi saa ambazo moyo wa mtu mmoja waweza kuzibeba.

Kwa hiyo ulinzi wa mapato huanzia katika masharti. Mshauri mwangalifu humpa mteja hati fupi siku ya kwanza, ikieleza bei, muda, mipaka ya siri, na kwamba miadi iliyofutwa chini ya saa 24 italipiwa. Wengi hupokea malipo kwa M-Pesa kabla ya kikao, jambo lenye staha, maana si vema kudai fedha kwa mtu aliyekuwa akilia dakika mbili zilizopita. Na ihsani pia iwe na kipimo: atakaye kuwasaidia maskini atenge nafasi maalumu, tuseme nne kwa wiki, azihesabu katika bajeti na kuzitunza kama ahadi, badala ya kupunguza bei kwa kila aombaye, kisha akafunga ofisi mwaka wa pili na kuwaacha maskini na matajiri bila msaada.

Wateja hupatikanaje? Katika biashara nyingine aliyeridhika huwa mpiga mbiu. Katika hii aliyeridhika hunyamaza, kwa kuwa kumsifu mshauri ni kukiri kwamba alimhitaji. Ndiyo maana mizizi ya ofisi hizi imo kwa wale ambao watu huwakimbilia kwanza: daktari aonaye mgonjwa asiye na ugonjwa wa mwili, mwalimu wa nidhamu, wakili wa talaka, imamu na padri. Kampuni nazo huingia mikataba ya kuwahudumia waajiriwa wao, na mikataba hiyo huleta mapato ya kutegemewa. Lakini ndani yake mna mtihani, kwani mwenye kulipa hupenda kujua. Insafu yataka mwajiri apewe idadi ya vikao na hesabu ya malipo tu, wala asipewe jina wala habari, na sharti hilo liandikwe kabla ya sahihi. Kuhusu bima, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilikwisha kuyakataza makampuni kuyatenga maradhi ya akili katika kinga zao. Hata hivyo malipo ya bima aghalabu huchelewa, na ofisi changa iliyoitegemea bima peke yake yaweza kufa njaa huku madai yake yamejaa kabatini.

Kukua nako kuna njia zake. Wapo waanzishao vikundi vya watu wenye dhiki moja, kama wafiwa au wazazi wa watoto walio katika ulevi, ambamo saa moja ya mshauri huwafaa watu wanane kwa bei nafuu kwa kila mmoja. Wapo wafunzao mashirika na shule. Wapo wanaowaalika wenzao chini ya dari moja, wakigawana kodi na karani, na hii naiona kuwa njia bora, kwa kuwa huleta pamoja wataalamu wa ndoa, wa watoto na wa uraibu, na hurahisisha kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili yule ambaye maradhi yake yamepita nguvu ya mazungumzo. Video nayo imefungua bahari: Mswahili afanyaye kazi Muscat aweza kuzungumza kwa lugha ya mama yake na mshauri aliye Mombasa, ilimradi wote wawili wajue ni sheria ya nchi gani inayowahusu na nani wa kuitwa hatari ikitokea. Lakini kila tawi liongezwalo bila msimamizi wa kuwaangalia washauri wapya ni tundu katika chombo, na jina lililojengwa miaka kumi laweza kuzama kwa siri moja iliyosemwa sebuleni.

Hukumu yangu basi ni hii. Kazi ya ushauri nasaha yaweza kumlisha mwenyewe kwa halali na kwa heshima, lakini haitamtajirisha upesi, na atakaye utajiri wa upesi aiache. Atakayeshika njia hii ajisajili, atafute msimamizi kabla ya kutafuta wateja, aanze kwa siku chache, na apande kwa kadiri ya amana aliyoaminiwa. Makampuni ya bima yasiyatenge maradhi ya akili, kwani sheria imekwisha kusema, nayo yalipe kwa wakati. Na wewe msomaji, siku utakapohitaji msaada huo kwa nafsi yako au kwa mwanao, usione haya kumwuliza mshauri namba yake ya usajili kabla ya kuketi. Aliye mkweli atakuonyesha kwa furaha.