Mnazi Hauna Sikukuu

Wengi wetu tufanyao kazi mjini Mombasa, sikukuu ya serikali ikifika, hulala mpaka jua likapanda, kisha tukaenda zetu Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo. Mimi si adui wa mihogo. Lakini mtu aliyeachiwa shamba na babake hana nafasi hiyo, kwani minazi haisomi kalenda, na paa la makuti halingoji mpaka bwana apate likizo.

Basi tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 tukiiita Siku ya Kenyatta, niliswali alfajiri nikapanda matatu ya Kilifi. Jua lilikuwa lingali changa nilipovuka daraja la Mtwapa, na kabla ya saa mbili nimeshashuka njia panda ya Takaungu. Shamba letu lina minazi 41 na mikorosho michache. Anayekaa huko ni mama, pamoja na kaka yangu ambaye mgongo haumruhusu tena kuinama.

Hata viatu sijavua, kaka akanipa habari. Mgema mmoja ametaka kukodi minazi 20 aigeme tembo, alipe pesa taslimu kila mwezi. Kaka alikuwa ameshapiga hesabu: pesa hizo zingeezeka nyumba nzima kabla ya mvua za vuli. Mama alikuwa akipepeta mchele, hata hakuinua uso. "Mnazi aliopanda babenu utoke tembo, nami niswali kivulini mwake?" Kaka akanyamaza. Nami niliona mama ana haki mara mbili, kwa dini na kwa hesabu pia, maana karara likigemwa halizai nazi, na kole linalokosekana leo ni nazi za mwaka mzima ujao.

Lakini kukataa hakuezeki nyumba. Ilibidi nazi zilipe makuti siku ile ile.

Kumpata mkwezi siku hizi ni kazi. Vijana wenye miguu mizuri wameshika bodaboda. Tulimpata mmoja saa tatu, akaanza kuangua huku nami nikikusanya chini. Alipofika mnazi wa tisa akaita, "Ami, huku kuna chonga!" Nikatazama juu, na kweli, makuti machanga yalikuwa yamekatika kama yaliyopunguzwa kwa mkasi. Msomaji mwenye minazi aijua alama hiyo. Chonga ni yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutoboa moyo wa mnazi, na moyo ukifa hakuna tawi jingine la kuchipua. Kijana alimvuta kwa waya uliopindwa ncha, kisha akatia mchanga na majivu kwenye mapengo ya makuti, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Wanne walitoka katika minazi mitatu.

Kumuua chonga juu ya mti ni nusu ya kazi tu. Mayai yake huyataga katika vigogo vilivyooza na katika samadi. Nyuma ya zizi palikuwa na mnazi ulioanguka zamani. Tulipoupasua kwa shoka tukakuta mabuu meupe, manene kama kidole gumba. Kuku walifurahi kuliko sisi. Kigogo tukakichoma.

Baada ya adhuhuri nikapanda juu ya paa. Upande unaopigwa na kusi ndio uliochakaa, na fito mbili zimeliwa na mchwa. Makuti ya kumba yafaa ua. Ya paa ni ya viungo, yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa. Siri yake ni kuyabananisha. Fundi anayeyapanga mbalimbali ili kuokoa makuti humwachia mwenye nyumba ndoo za kukingia maji. Zamani pia moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda na kuwafukuza wadudu, lakini tangu mama anunuliwe jiko la gesi, paa limekosa dawa yake.

Nazi 380 zilipatikana. Mchuuzi alilalamika kwamba ni ndogo, kama kawaida ya wachuuzi, akalipa. Pesa zilitosha makuti ya upande mmoja, na tulimaliza kuufunga alasiri imeshapita. Kitanda cha mama tukakihamishia upande huo.

Yule mgema alifika karibu na magharibi kutaka jibu. Mama akamtolea chai. "Mwanangu, kugema hapana. Lakini wewe mtu wa kukwea kila siku asubuhi na jioni, njoo utuangulie na kututazamia chonga, nasi tutakulipa." Akafikiri kidogo, akauliza malipo ni pesa au nazi. Wakapatana pesa. Atakuja 12 Disemba, Sikukuu ya Jamhuri, nami nitakuja kuezeka upande wa pili. Mpini wa jembe na kamba ya kisima havikuguswa kabisa.