Mteja wa siri: Unalipwa kununua vitu, lakini je, hesabu inalipa?

Huenda umewahi kuona ujumbe wa aina hii kwenye kundi la WhatsApp: nenda supamaketi fulani, nunua kitu kimoja, angalia wahudumu wanavyofanya kazi, jaza fomu kwenye simu, ulipwe Sh500. Hakuna bosi wa kukupigia kelele na hakuna anayeulizia uzoefu wa miaka mitano.

Kwa kijana ambaye amezunguka na vyeti kwenye bahasha mwaka wa pili sasa, hiyo ni nyota ya jaha.

Kazi yenyewe ipo, si porojo. Lakini Sh500 zinazotajwa kwenye ujumbe sio zinazobaki mfukoni. Tupige hesabu pamoja, kisha uamue.

Mteja wa siri ni nani?

Ni mtu anayetumwa dukani, benki, hotelini au kituo cha mafuta akijifanya mteja wa kawaida. Kumbe ametumwa kuchunguza. Je, alisalimiwa? Foleni ilichukua dakika ngapi? Bei kwenye rafu ilikuwa sawa na ya kwenye risiti? Choo kilikuwa safi?

Kazi hii ilianza kupata umaarufu Marekani miaka ya 1940, wakati wenye biashara walipotaka kujua kama wafanyakazi wao wanaiba pesa za mauzo. Baadaye lengo likahamia zaidi kwenye huduma.

Kawaida duka halikuajiri moja kwa moja. Duka huilipa kampuni ya utafiti, nayo kampuni ndiyo humtafuta mteja wa siri. Kampuni kubwa za kimataifa za utafiti kama Ipsos, ambayo ina ofisi Nairobi, hufanya kazi ya aina hii.

Sio wafanyabiashara tu wanaoitumia mbinu hii. Mwaka 2017, jarida la BMJ Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi ambapo watu 14 waliofunzwa kuigiza wagonjwa walitembelea vituo 42 vya afya ili kupima ubora wa matibabu. Watafiti pia wamewatuma wateja wa siri kwa mawakala wa pesa za simu katika nchi kama Tanzania na Uganda, kuona kama ada wanazotoza ni zile zilizobandikwa ukutani.

Kwa hivyo kazi ina maana. Swali ni kama ina maana kwa mfuko wako.

Unalipwa nini hasa?

Malipo huja kwa sehemu mbili, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ujira wako: zile Sh500 za mfano wetu. Ya pili ni kurudishiwa pesa ulizotumia kununua bidhaa, mara nyingi hadi kiwango fulani. Ukiambiwa kikomo ni Sh300 na wewe ukanunua kitu cha Sh380, hizo Sh80 umejilipia mwenyewe.

Kuna watu huhesabu ile bidhaa kama faida. Ni faida ikiwa ungeinunua hata bila kutumwa. Kama ni unga, sawa, umeokoa bajeti ya nyumbani. Kama ni kahawa ya bei ambayo huwezi kuigusa siku ya kawaida, umeburudika tu. Mwenye nyumba hapokei kahawa.

Hesabu ya mtu wa Umoja

Tuseme unaishi Umoja, Nairobi, na kazi iko supamaketi ya Westlands. Namba za kazi na nauli hapa ni za mfano. Weka zako mahali pake.

Nauli ya Umoja hadi tauni, Sh70. Tauni hadi Westlands, Sh50. Kurudi ni vivyo hivyo. Jumla Sh240, na hapo tunaomba mvua isinyeshe, maana unajua nauli hufanya nini mvua ikinyesha.

Bando la kutuma fomu na picha, Sh20. Ukilipwa kwa M-Pesa na ukataka noti mkononi, kuzitoa kwa wakala kunakata Sh29.

Jumla ya makato ni Sh289. Toa kwenye Sh500, unabaki na Sh211.

Sasa muda. Kusoma maelekezo, nusu saa. Kwenda na kurudi, saa mbili na nusu ukiwa na bahati na foleni ya magari. Ndani ya duka, nusu saa. Kujaza ripoti, saa moja, kwa sababu fomu huwa ndefu na wanataka maelezo, sio alama za tiki tu. Jumla saa nne na nusu.

Sh211 kwa saa nne na nusu ni kama Sh47 kwa saa.

Hizo ni nyingi au kidogo? Tuzipime na kitu. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Novemba 2024 kilimpa kibarua wa kawaida katika jiji la Nairobi Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukigawa kwa siku 26 za saa nane, ni kama Sh77 kwa saa.

Yaani mteja wetu wa siri kutoka Umoja amepata chini ya hicho kiwango, na ametembea na viatu vyake safi kabisa.

Hesabu ya mtu wa Westlands

Chukua kazi ile ile, duka lile lile, Sh500 zile zile. Safari hii anayeifanya ni mtu ambaye tayari ameajiriwa Westlands na hupita mlangoni pa duka hilo kila jioni.

Nauli ya ziada hana. Makato yake ni bando na ada ya kutoa pesa, Sh49. Anabaki na Sh451. Muda wake ni saa mbili: kusoma, kuingia dukani, kujaza ripoti.

Hiyo ni zaidi ya Sh225 kwa saa, karibu mara tano ya yule wa Umoja.

Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo. Kinacholipa ni umbali. Kazi ikiwa njiani mwako, inalipa. Ukiifuata, inakula nauli yako.

Na hapa kuna uchungu wake: anayeihitaji zaidi, yule asiye na kazi na anayeishi mbali na maduka makubwa, ndiye anayepata kidogo zaidi.

Ripoti ikikataliwa

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Ripoti yako inaweza kukataliwa. Picha ya risiti haisomeki. Uliingia saa nane wakati ulitakiwa kuingia kati ya saa tano na saa saba. Ulisahau jina la mhudumu. Ulituma baada ya muda wa mwisho kupita.

Kampuni nyingi hazilipi ripoti iliyokataliwa, na wakati mwingine hata pesa za bidhaa hazirudi.

Turudi kwa mtu wa Umoja. Amefanya kazi nne, kila moja akinunua bidhaa ya Sh300. Tatu zimekubaliwa: Sh211 mara tatu ni Sh633. Moja imekataliwa, naye amepoteza nauli Sh240, bando Sh20 na bidhaa Sh300, jumla Sh560.

Sh633 toa Sh560, anabaki na Sh73. Kwa saa 18 za kazi.

Amebaki na bidhaa yake, kweli. Lakini Sh73 hata nauli ya kwenda na kurudi tauni haitoshi.

Pesa zinaingia lini?

Kwenye kibarua cha mjengo, jioni unaondoka na chako. Mteja wa siri husubiri. Ripoti hukaguliwa kwanza, kisha malipo hufuata ratiba ya kampuni, na kuna kampuni zinazolipa baada ya mwezi au zaidi.

Wakati huo wote, pesa ulizotumia ni zako. Ukifanya kazi kumi mwezi huu, kila moja ikikuhitaji kutoa Sh240 za nauli na Sh300 za bidhaa, umetoa Sh5,400 kabla hujaona hata shilingi. Kwa maneno mengine, umeikopesha kampuni.

Kama hizo ni pesa za kodi, usizitumie. Na kama unazipata kwa Fuliza, kumbuka ada yake inahesabiwa kwa siku. Deni linakua kila siku huku ripoti yako ikisubiri mtu aifungue.

Matapeli nao wako kazini

Kazi ikiwa ya kweli na yenye kuvutia, tapeli hakosi.

Marekani, Tume ya Biashara ya huko, FTC, imeonya mara nyingi kuhusu mchezo huu: unatumiwa hundi, unaambiwa uiweke benki, kisha utumie sehemu ya pesa kununua kadi za zawadi au kuzituma kwa mtu mwingine ili "kupima huduma". Baadaye hundi inagundulika ni feki, na benki inakudai wewe.

Kwetu hundi si mambo ya kila siku, kwa hivyo mchezo umevaa nguo nyingine. Unaombwa pesa kidogo za usajili, za mafunzo au za kitambulisho cha kazi, utume kwa M-Pesa. Au unaingizwa kwenye kundi la Telegram, unapewa kazi ndogo za kubonyeza bidhaa, unalipwa vijisenti viwili vitatu ili uamini, kisha unaambiwa uweke pesa zako ufungue kazi kubwa zaidi. Ukishaweka, kundi linakufa.

Kanuni ni moja tu. MSPA, chama cha kimataifa cha kampuni za kazi hii kilichoanzishwa Marekani mwaka 1998, kinasema mtu halipi ili awe mteja wa siri. FTC inasema hivyo hivyo. Ukiombwa pesa ndipo upewe kazi, toka hapo.

Matapeli pia hupenda kutumia majina ya kampuni za kweli. Usiridhike na nembo kwenye picha ya WhatsApp. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, tafuta mawasiliano yake huko, uliza kama tangazo ni lao. Kampuni ya hapa nchini unaweza pia kuitafuta kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Na kabla ya kutuma picha ya kitambulisho chako, hakikisha unajua anayeipokea ni nani.

Ukitumiwa ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom, usambaze kwenda 333. Kama umeshatuma pesa, sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba zirudishwe. Fanya haraka, kwa sababu mpokeaji akishazitoa, kuzipata ni vigumu.

Kuna mtu upande wa pili wa kaunta

Jambo la mwisho kabla hujakubali kazi. Ripoti yako ina jina la mtu. Keshia uliyemwandika kwamba hakusalimu huenda alikuwa zamu tangu asubuhi. Ripoti kama hizo zinaweza kutumika kuamua nani apewe bonasi na nani aitwe ofisini.

Haimaanishi umfiche. Andika ulichokiona, saa uliyokiona, basi. Usiongeze chumvi ili ripoti ionekane imeshiba, na usijaze fomu ukiwa nyumbani kana kwamba ulifika. Kampuni hulinganisha risiti, saa na mahali simu yako ilipokuwa. Ukibambwa, unafutwa kwenye orodha, na keshia wa watu atakuwa ameumia bure.

Kwa hivyo, inalipa au hailipi?

Kama kazi ya kukulisha mwezi mzima, hapana. Kazi haziji kila siku, na kampuni nyingi hazikutumi duka lile lile mara kwa mara, kwa sababu utatambulika.

Kama nyongeza, inaweza. Lakini kabla ya kubonyeza "nakubali", fanya hivi:

• Chukua ujira, toa nauli, bando na ada ya kutoa pesa. Usihesabu pesa za bidhaa, hizo ni zako zinarudi.

• Gawa kinachobaki kwa saa zote, pamoja na za barabarani na za kujaza fomu.

• Ukipata chini ya Sh77 kwa saa, iache, isipokuwa unapita hapo kwa shughuli zako nyingine.

• Uliza kwa maandishi: malipo yanatoka baada ya siku ngapi, na ripoti ikikataliwa, pesa za bidhaa zinarudi?

• Anza na kazi moja. Usichukue ya pili hadi ya kwanza ilipwe.

Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, hasa kazi tano zikiwa zimejipanga kwenye skrini na mfuko ukiwa mtupu. Lakini ndiyo itakayokuonyesha kama uliowapata ni waajiri kweli, huku ukiwa umehatarisha nauli ya siku moja tu, sio ya mwezi.