Mzingile-mwambiji katika kiganja

Miongoni mwa michezo ya simu iliyoenea duniani ipo aina moja isiyo na adui wa kupigwa, wala saa ya kumhimiza mchezaji, wala alama za kumfedhehesha akichelewa: ni mchezo wa mzingile-mwambiji, ambamo mtu huongoza tone dogo la nuru kwa ncha ya kidole, akipita katika njia zilizopindana hata aufikie mlango wa kutokea, huku kinanda kikilia kwa mbali, noti moja ikiachwa ififie kabisa ndipo ije ya pili.

Mizingile ya michezo ya video haikuwa na upole huu tangu awali. Mjapani Toru Iwatani alipoutunga Pac-Man kwa kampuni ya Namco, ukatoka mwaka 1980, alitia humo vizuka vinne vya kumwandama mchezaji, na aghalabu aliyecheza aliondoka moyo ukimwenda mbio. Katika mchezo wa tone la nuru, ukipotea hupati hasara. Unarudi ulikotoka, na muziki haukatiki.

Namna mzingile unavyoundwa ni jambo la kustaajabisha. Programu huanza na uwanja wa vyumba vya mraba, kila kimoja kimezungukwa na kuta. Huchagua kimoja, ikabomoa ukuta wa jirani kwa bahati nasibu, ikaingia, ikafuliza hivyo hata ikose jirani asiyefikiwa, kisha hurudi nyuma kutafuta chumba kilichosazwa. Kazi ikitimia, baina ya chumba na chumba huwa njia moja tu, na kwa hiyo anayefuata ukuta wa kuume bila kuuacha atatoka, ijapokuwa atazunguka sana. Kwa mizingile migumu zaidi iko kanuni ya Mfaransa Trémaux, iliyochapishwa mwaka 1882 na mwanahisabati Édouard Lucas: tia alama kila unapopita, wala usiipite njia yoyote mara ya tatu.

Naupendelea mchezo huu kwa watu wa mji wa Baraka na eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, hasa kwa kuwa hauna maneno. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambako Kibembe, Kibuyu, Kifuliiru na Kinyamulenge husikika, na ambako Warundi waliokimbilia kambi ya Lusenda tangu mwaka 2015 wamekuja na Kirundi chao, watoto wawili wasioelewana lugha waweza kuinamia kioo kimoja, huyu akionyesha kwa kidole pale mwenzake alipopita asiione njia. Sisemi kwamba mchezo huponya jeraha la moyo, madhali hiyo ni kazi ya jamaa, ya ibada na ya tabibu; lakini wasaa wa utulivu ni neema, na msafiri anayengoja boti ufukoni anauhitaji kama mtoto.

Anayetaka kuucheza achague mchezo unaochezeka bila intaneti, usiokatizwa na matangazo, na apunguze mwanga wa kioo, kwani moto wa simu uliopatikana kwa paneli ya jua ni mali. Aanze na vyumba 10 kwa 10; akivizoea, aongeze.