Mashua ya Rimoti na Betri Yake

Kila nijapo kuitembelea shule yetu, ninyi mlioko madarasani huniuliza maswali yale yale juu ya mashua zangu ndogo zinazoongozwa kwa rimoti. Je, zaenda mbio kiasi gani? Zafika mbali wapi? Zagharimu shilingi ngapi? Maswali hayo ni mema, lakini hakuna hata moja lipasalo kuwa la kwanza. Swali la kwanza ni hili: Betri ya mashua ni ya namna gani, nayo huchajiwa kwa chaja gani? Asiyeweza kulijibu atapoteza fedha zake upesi, na pengine ataunguza nyumba ya watu. Anayeweza kulijibu, hata kama mashua yake ni ya mbao aliyoichonga mwenyewe, atafurahi nayo kwa miaka mingi. Basi nimeona yafaa niwaandikieni habari hizi, ninyi wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni ambao watoto wao wameanza kuomba vyombo hivi.

ASILI YAKE

Watu wengi hudhani kwamba mchezo huu ni wa juzi. Sivyo. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo ya chuma iliyoelea ndani ya tangi la maji. Hapakuwa na waya uliotoka mashuani kuja mkononi mwake, lakini alipotaka igeuke, iligeuka, na alipotaka taa zake ziwake, ziliwaka. Tarehe 8 Novemba mwaka ule ule serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi huo, namba 613,809. Nanyi angalieni jambo moja: ndani ya mashua ile mlikuwa na betri. Redio ilipeleka amri tu. Nguvu ya kwenda ilitoka katika betri. Ndivyo ilivyo hata leo.

VIUNGO VYA MASHUA

Rimoti iliyo mkononi mwako hutoa amri kwa mawimbi ya redio. Ndani ya mashua kuna kipokezi kinachozipokea amri hizo na kuzigawa sehemu mbili. Ya kwanza huenda kwa mota ndogo inayovuta usukani, iitwayo sevo. Ya pili huenda kwa kidhibiti mwendo, yaani kisanduku kidogo kilicho kati ya betri na mota kubwa. Kazi yake ni kuzidisha au kupunguza umeme uendao kwa mota. Mota nayo huzungusha fito nyembamba ya chuma inayopita katika bomba lililojazwa grisi ili maji yasipenye, na mwisho wa fito hiyo ndipo ilipofungwa rafadha.

Rimoti nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Zamani, zilipotumika zile za megahezi 27, watu wawili wenye mawimbi sawasawa waliweza kuvurugiana mashua zao. Sasa kila rimoti hufahamiana na kipokezi chake tu. Lakini mawimbi haya mapya hayapenyi majini, kwa hiyo waya wa kipokezi yapasa ukae juu kuliko usawa wa maji.

Ushauri wangu ni kwamba mashua ya kwanza isiwe ya mbio. Tafuta, au tengeneza, chombo kipana chenye urefu wa sentimita 60 hivi, mfano wa zile tishari zinazokokota meli bandarini. Chombo cha namna hiyo hakipinduki upesi, hula umeme kidogo, na kikigonga ukingo hakivunjiki. Mashua ya mbio hula ampea nyingi mno, na kabla hujajua kushoto na kulia imekwisha kupanda nchi kavu.

LUGHA YA BETRI

Ubavuni mwa kila betri pameandikwa tarakimu. Anayezisoma kama asomavyo bei sokoni hatadanganywa. Fikirini pipa la maji lililowekwa juu ya mnara, lenye bomba la kuteremshia. Urefu wa mnara ndio unaosukuma maji. Katika umeme msukumo huo ni volti. Wingi wa maji yapitayo bombani kwa wakati mmoja ni ampea. Na ukubwa wa pipa lenyewe ni ujazo wa betri, unaohesabiwa kwa ampea-saa. Betri ndogo huandikwa herufi mAh, na 1000 za hizo ni ampea-saa 1.

Sasa tupige hesabu. Betri yako ina mAh 3000, yaani ampea-saa 3. Mota yako inakula ampea 6. Gawanya 3 kwa 6, utapata nusu saa. Basi baada ya dakika 20 hivi mrudishe mvulana na mashua yake ukingoni, kwa maana si busara kungoja mpaka tone la mwisho, chombo kikiwa katikati ya maji.

Tena jihadharini na uongo wa sokoni. Kuna seli za mviringo ziitwazo 18650, kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Nyingi za kweli zina ujazo wa kati ya mAh 2000 na 3500. Ukiona imeandikwa 9900, iache mezani kwa mwuzaji. Anayedanganya kwa ujazo huenda amedanganya na kwa usalama.

NAMNA TATU

Betri za mashua ni za namna tatu hasa, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ya risasi na asidi, iliyofungwa ili isimwagike. Kila seli yake hutoa volti 2, kwa hiyo betri ya volti 6 ina seli tatu. Ni nzito, lakini katika tishari uzito huo ni faida, maana huwa ndio farumi ya chombo. Haigharimu sana, tena ni mpole kwa anayeanza. Adui yake ni kuachwa tupu: ukiiweka kabatini bila chaji muda mrefu, itakufa. Ichaji mara utokapo majini.

Ya pili ni ya nikeli, inayoandikwa NiMH. Kila seli hutoa volti 1.2, na fungu la seli sita hufanya volti 7.2. Ni nyepesi kuliko ya risasi, nayo huvumilia makosa mengi. Imeishika nafasi ya ile ya nikeli na kadimi, kwa kuwa kadimi ni sumu kali.

Ya tatu ni ya lithiamu. Betri za lithiamu za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozileta duniani. Zile za mashua mara nyingi huandikwa LiPo. Seli moja hutoa volti 3.7, ikijaa hufika volti 4.2, wala isizidi hapo hata kidogo. Na isishuke chini ya volti 3. Ni nyepesi mno na ina nguvu nyingi, ndiyo maana mashua za mbio huitumia. Lakini ni kama fahali: atalima shamba lako vizuri, ila umfunge kamba iliyo sawa. Ikichajiwa kupita kiasi, ikichomwa, au ikipondwa, yaweza kuvimba na kulipuka moto mkali.

Kwa anayeanza nasema: chukua ya risasi au ya nikeli. Ya lithiamu ingoje mpaka umekwisha kujifunza kupima volti kwa mita yako mwenyewe.

CHAJA NA MATUMIZI YAKE

Umeme wa nyumbani hapa Uganda ni wa volti 240. Hakuna betri ya mashua iwezayo kuustahimili. Kazi ya chaja ni kuupunguza na kuutoa kwa kipimo ambacho betri yaweza kukimeza, kisha kukoma wakati ufaao. Hiyo ya kukoma ndiyo kazi kubwa, nayo si sawa kwa namna zote tatu. Betri ya nikeli ikijaa, volti zake hushuka kidogo sana, na chaja nzuri hutambua mshuko huo. Betri ya lithiamu yataka chaja itoe ampea sawasawa mpaka seli zifike volti 4.2, halafu izishikilie hapo huku ampea zikipungua polepole. Ndiyo sababu chaja ya nikeli haichaji lithiamu. Plagi zaweza kuingiana, lakini plagi haijui kilicho ndani ya betri. Wewe ndiwe upasaye kujua.

Kanuni ya ampea ni rahisi. Betri ya lithiamu ya mAh 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2 au chini yake, na itajaa kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Ya nikeli ya mAh 3000 ichajiwe kwa ampea 1.5, itajaa kwa saa mbili na kitu. Ya risasi ya ampea-saa 4 haitaki haraka. Ipe ampea 0.4 na uiache usiku mzima kwa chaja iliyoundwa kwa ajili yake. Haraka haraka haina baraka, na katika betri methali hii ina maana ya kweli kabisa.

Betri ya lithiamu yenye seli mbili au zaidi ina plagi ndogo ya pili, yenye nyaya nyembamba. Usiidharau. Kwa hiyo chaja huipima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Na kama hutaitumia betri hiyo kwa wiki kadhaa, usiiweke ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache kila seli katika volti 3.8 hivi.

Kwa wale ambao kwao hakuna umeme wa nguzo, chaja nyingi za vyombo hivi hukubali umeme wa volti 12 kutoka katika betri ya gari au ya sola. Chajini mchana, jua likiwaka, ili msiwanyime watu wa nyumbani taa ya usiku.

NENO JUU YA BWENI

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Msichaji betri ya lithiamu bwenini usiku, watu wamelala. Magodoro ya sponji huwaka upesi, na moshi wake huua kabla moto haujafika. Betri iwapo kitandani, chini ya mto, au kando ya mashuka, kosa dogo la chaja linakuwa msiba wa watu wengi. Ichajini mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na karatasi na nguo, ndani ya chungu cha udongo kisichofunikwa kwa kukazwa, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mwenye betri akae pale pale mpaka kazi iishe. Akiitwa, achomoe kwanza. Betri iliyovimba, au iliyoloa maji ndani, haichajiwi tena kamwe. Wala haitupwi motoni wala jalalani, bali hupelekwa kwa wanaopokea betri kuukuu. Na betri iliyotoka kazini ikiwa moto, iachwe ipoe kwanza.

Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo wanaotaka kuwaletea watoto betri: sheria za ndege zataka betri za akiba za lithiamu zichukuliwe mkononi, si katika sanduku liendalo shehenani, na ncha zake zifunikwe zisigusane.

SIKU YA KWANZA MAJINI

Jaribuni mashua kwanza katika beseni kubwa la kufulia. Isilale upande, sogezeni betri mpaka ikae sawa. Jazeni omo na tezi vipande vya sponji ngumu isiyonyonya maji, ili hata ikijaa maji isizame. Kisha washeni rimoti kwanza, mashua baadaye. Wakati wa kuzima, zimeni mashua kwanza, rimoti baadaye. Zimeni pia rimoti makusudi mashua ikiwa mikononi: mota yapasa isimame yenyewe. Isiposimama, rekebisheni jambo hilo kabla ya kwenda majini.

Maji mazuri ni ya bwawa tulivu. Ufukoni mwa Ziwa Victoria kuna kichocho, na mahali pengine kuna mamba na viboko. Mashua ikikwama mbali, mtu asiogelee kuifuata. Chukueni mshipi wa samaki wenye mpira wa tenisi mwishoni, mtupe ng'ambo ya mashua, mkaivute polepole. Mashua hununuliwa tena, mvulana hanunuliwi.

Mkirudi nyumbani, fungueni kifuniko ipate kukauka, toeni betri, kisha andikeni katika daftari: tarehe, muda wa safari, na volti za betri kabla na baada. Baada ya miezi michache daftari hilo litawaambia betri ipi imezeeka, kabla haijawaacha katikati ya maji. Wakipatikana wavulana wanne au watano wenye mashua moja, chaja moja na daftari moja, wameshapata chama, nami nitafurahi kuja kukitazama muhula ujao. Nawatakieni heri.